Namba ya mama watoto unaijua kwa kichwa?

Vituko vya Kariakoo mnavijua. Uko Mtaa wa Kongo, umebanana na watu, unapeleka mkono mfukoni, simu hakuna! Msamaria mmoja anakupa yake: "Haya kaka, piga nyumbani." Hapo ndipo jasho linakutoka. Namba ya mama watoto huijui. Umempigia mara elfu moja, lakini siku zote unabonyeza jina tu.

Usijidhanie umezeeka, wala usimsingizie jirani kakuroga. Hiyo namba haijafutika kichwani, haikuwahi kuingia. (Za nyumba ndogo watu wanazijua kwa kichwa, maana hawathubutu kuziandika popote.)

Kumbukumbu ina kibaraza na chumba cha ndani. Kibaraza ni kidogo. Mwaka 1956 Mmarekani George Miller aliandika kwamba kinabeba vitu kama saba hivi kwa mpigo, na namba zetu za simu zina tarakimu 10! Ndiyo maana ukitajiwa namba pale Posta unairudia midomoni, konda akikudai nauli tu, imeyeyuka. Ili iingie chumba cha ndani, inakolala miaka na miaka, lazima uitilie maanani na uifunge kwenye kitu ulicho nacho tayari.

Mama lishe hana daftari, lakini anajua nani alikula wali maharage juzi akaondoka bila kulipa. Anamjua kwa sababu deni lile lina sura, lina benchi alilokalia, na lina uchungu wake!

Anayepokea mambo mapya ubongoni ni kisehemu kiitwacho hipokampasi. Kazi yake ilijulikana kwa mkasa wa Henry Molaison wa Marekani. Mwaka 1953 alifanyiwa operesheni ya kifafa, wakakata kisehemu hicho kulia na kushoto. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2008, jipya lilikuwa halikai. Ya utotoni aliyakumbuka, ila mtaalamu Brenda Milner, aliyempima miaka nenda rudi, alikuwa mgeni kwake kila akiingia mlangoni. Masikini wa Mungu.

La ajabu, Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akitazama mkono wake kwenye kioo. Siku hadi siku mkono ukawa stadi, na mwenyewe hakumbuki kama aliwahi kuchora. Kumbe mkono una njia yake. Ndiyo maana namba ya siri ya kutolea pesa vidole vinaibonyeza vyenyewe, ukiambiwa uitaje kwa mdomo unababaika.

Basi leo ichukue namba ya mama watoto uikatekate. Tatu za mwanzo ni za mtandao, nyingi unazijua. Zilizobaki zitafutie maana: ikiishia na 6164, hiyo ni Uhuru wa Tanganyika na Muungano. Kisha funika simu uandike bila kuchungulia. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke wa Marekani walionyesha kuwa wanafunzi waliojikumbusha kwa kichwa, baada ya wiki moja waliwashinda waliosoma tena na tena.

Halafu ukalale, maana usingizini ubongo unakaza yale ya mchana. Asubuhi, kabla hujagusa simu, itaje. Ikigoma, jaribu tena jioni ukiwa kwenye foleni ya daladala.