Kupe Mmoja, Magonjwa Mengi

Vita vilipotutoa Mocímboa da Praia na Palma, mbwa wengine walitufuata hadi huku, na sasa wanalinda vibanda na machamba. Mwezi huu tuongee habari ya kupe wao.

Mbwa akipata homa, akikataa kula, ufizi ukiwa mweupe na damu ikamtoka puani, watu husema kupe wamemmaliza. Sawa, lakini wamempa ugonjwa gani? Kupe wa mbwa, yule wa kahawia, hubeba bakteria zaidi ya mmoja. Ehrlichia canis huingia chembe nyeupe za damu. Anaplasma platys hushika vile vijichembe vinavyogandisha damu. Kwa macho huwezi kuwatofautisha wagonjwa hao. Halafu kuna Babesia, ambaye si bakteria kabisa, na dawa yake ni nyingine.

Kipimo cha haraka hutafuta kinga ya mwili, na kinga hiyo hukaa miezi mingi hata mbwa akishapona. Kipimo cha vinasaba humtafuta mdudu mwenyewe. Mashine hupasha moto na kupoza mara 30 hadi 40, na kila mara kipande cha vinasaba vyake huongezeka maradufu mpaka kionekane. Hivyo ndivyo watafiti walivyomkuta Anaplasma platys kwa mbwa wa Kenya na Ivory Coast, wakachapisha mwaka 2016. Zamani mdudu huyo aliitwa Ehrlichia. Mwaka 2001 wataalamu walimhamisha ukoo, kumbe vinasaba vyake vilikuwa vya upande wa pili!

Ila tusidanganyane: damu ikionekana safi, Ehrlichia anaweza kuwa amejificha kwenye wengu. Na dawa ya siku chache tu humfanya asionekane. Kwa hiyo daktari wa mifugo akipita, mwombeni achukue damu kabla ya dawa. Vidonge vya watu msimkatie mbwa kwa kukisia.

Mashine hizo ziko maabara za mijini, lakini kupe yuko hapa hapa. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa za ukuta, basi zibeni kwa udongo. Mng'oeni taratibu kwa kibanio, mtieni kwenye maji ya sabuni, msimpasue kwa kucha.

Hata sisi tusiogusa mbwa, kupe huyo hapigi hodi. Anaweza kumpa mtu homa yenye vipele. Mtoto akipata homa, apimwe malaria, na mama amwambie muuguzi kama aliumwa na kupe, hasa malaria isipoonekana.