Chapati za Maji za Jibini na Chungwa

Mama msomaji, watoto wako huenda shuleni wamekula nini? Wengi hunywa chai kavu tu, na ikifika saa nne njaa imekwisha washika. Masomo hayaingii tena. Basi jaribu chakula hiki.

Asubuhi, chemsha lita 1 ya maziwa mpaka yatokote vizuri, kwani maziwa mabichi huweza kuleta kifua kikuu. Epua, tia vijiko 3 vya maji ya limau, ukoroge polepole. Uchachu utayatenga: mabonge meupe huku, maji huku. Chuja kwa kitambaa safi. Mabonge hayo ndiyo jibini laini. Yale maji usiyamwage.

Sasa vunja mayai 3, utenge viini na ute. Changanya jibini, viini, vijiko 2 vya sukari, chumvi kidogo, kikombe 1 cha unga wa ngano na nusu kikombe cha yale maji. Osha chungwa, uparuze ganda lake la juu tu. Weupe wa ndani ni mchungu. Mwisho piga ute mpaka uwe povu linalosimama, ulichanganye taratibu. Hewa ya povu hilo ndiyo inayoumua chapati. Ukilivunja, zitakuwa bapa.

Paka kikaango mafuta, upike kwa moto mdogo. Vitundu vikitokea juu, geuza.

Labda utasema, “Mayai ni ya kuuza.” Sawa, mama, uza. Lakini matatu yabaki nyumbani: wenye haki ya kwanza ni wanao.