Kuku Aatamiaye na Vifaranga Wake

Mwezi huu twapenda kuwaandikia habari za jambo ambalo wengi huliona kuwa dogo, nalo ni kiota cha kuku. Huku kwetu milimani Usambara ni shida kuona nyumba isiyo na kuku wawili watatu wakichakura uani. Lakini ukiuliza, Je, ni vifaranga wangapi wanaokua hata kuwa kuku? wengi watakujibu kwa kutikisa kichwa. Kuku hutotoa vifaranga 10, na baada ya miezi 2 wamebaki watatu, au wawili. Watu husema, Ndiyo desturi ya kuku. Sisi nasi tulisema hivyo miaka mingi, hata tulipofundishwa kwa hasara.

Mwaka mmoja, wakati wa masika, kuku wetu mwekundu alianza kuatamia pembeni mwa jiko, nyuma ya kuni. Mama wa nyumba yetu alimwekea mayai 12, naye alikwisha kuyapangia kazi: majogoo yakikua yatauzwa, na fedha zitanunua sare na madaftari ya binti yetu. Siku ya 20, jioni, binti huyo alikuja akasema, "Baba, nimeona siafu wakivuka njia, karibu na mgomba." Tukamjibu, "Vema, mwanangu, kesho tutamwaga majivu." Mvua ilikuwa ikinyesha, nasi tulikuwa tumechoka.

Usiku ule tulisikia kuku akilia mara mbili, kisha kimya. Tukadhani ni panya, tukalala. Asubuhi tulimkuta amekufa juu ya mayai yake, na siafu wangali wamemjaa. Hakufungwa, wala mlango wa jiko haukuzibwa. Angeweza kukimbia, lakini hakuondoka. Mayai yalikuwa na joto bado, na katika moja tulisikia kifaranga akilia ndani ya ganda. Tuliyafunga katika kitambaa, tukayaweka karibu na moto, lakini hapana hata mmoja aliyetoka hai. Binti yetu alisimama akitazama. Hakutukumbusha kwamba alikuwa ametuambia.

Wazee wetu husema, Kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Sisi hatukumlenga jiwe, lakini tulimwacha bila ulinzi, na mwisho ukawa ule ule. Basi tangu siku ile tuliuliza kwa wenye kujua, tukajaribu, na haya ndiyo tuliyoyaona kuwa ya kweli.

Mahali pa kuatamia. Kuku aatamiaye ataka mambo manne: giza kidogo, ukavu, utulivu, na kutengwa na wenziwe. Kuku wengine wakiweza kukifikia kiota, watataga humo humo. Mayai mapya yatachanganyika na ya zamani, wala hayatatotolewa kwa siku moja. Tena mama akitoka kula, aweza kurudi akapotea akakalia kiota cha jirani, na mayai yake yakapoa. Kwa hiyo mtengee pembe yake mwenyewe. Ikiwa yeye amechagua mahali pabaya, usimhamishe mchana; ngoja usiku, umbebe polepole pamoja na mayai yake, umweke gizani, naye aghalabu atatulia.

Kiota chenyewe. Sanduku la mbao, kikapu kipana, au chungu kilichovunjika mdomo, vyote vyafaa, bora upana wake upate kama sentimeta 35 hata 40. Chini tia mchanga au udongo mkavu, ukauchimbe kidogo katikati uwe kama bakuli, ili mayai yasitawanyike; juu yake weka nyasi kavu. Kabla ya kumweka kuku, nyunyiza majivu makavu kiotani, maana utitiri humwingia kuku anayekaa mahali pamoja siku nyingi. Wakizidi, humnyonya damu hata akachoka, akayaacha mayai. Wengi humlaumu kuku kwamba hana subira, kumbe anateswa.

Adui wa usiku. Sisi twaweka sanduku juu ya meza ndogo ya fito, na kila mguu wa meza umesimama ndani ya kopo lenye maji na mafuta machafu kidogo juu yake. Siafu hawapiti hapo, ila ni lazima meza isiguse ukuta, wala jani au kamba isiifikie, maana watapita huko. Majani yaliyo karibu na nyumba twayafyeka. Mlango wa banda na madirisha yake yafungwe kwa fito zilizokaribiana sana, au kwa wavu wenye matundu madogo. Kicheche na nguchiro hupita katika tundu ambalo mtu hudhani halimtoshi hata panya, na nyoka vile vile.

Mayai ya kutotoa. Chagua mayai safi, ya ukubwa wa kadiri, yasiyo na ufa, ya kuku anayekaa na jogoo. Yasizidi umri wa siku 7 hivi, nayo yawekwe mahali pa baridi, ncha nyembamba ikielekea chini. Usiyaoshe. Kuku wa kienyeji aweza kuyafunika mayai 10 hata 13. Ukimzidishia, ya pembeni yatapoa, naye akiyageuza yatapokezana baridi hiyo, hata mazima yaharibike. Yatie yote alama ya mkaa, ili ukiona yai lisilo na alama ulitoe upesi.

Siku ya 7 au ya 8, usiku, yatazame mayai kwa tochi. Toboa tundu katika karatasi ngumu, uweke yai juu ya tundu, mwanga ukitoka upande wa pili. Yai lenye uhai huonyesha mishipa myembamba kama miguu ya buibui. Yai lililo tupu hung'aa lote. Yaliyo tupu uyaondoe, maana yakikaa yatakuwa viza, na yai viza likipasuka huchafua kiota chote.

Siku 21. Hizo ndizo siku za kuku. Kila siku mama hutoka mara moja, kwa kadiri ya robo saa au zaidi kidogo, ale, anywe, aende haja, aoge vumbi. Nafaka na maji yawe karibu, lakini si ndani ya kiota. Ukiona hatoki kabisa siku mbili, mwinue kwa upole umweke penye chakula. Vifaranga waanzapo kudonoa maganda, usiwasaidie kwa haraka. Kutoka huweza kuchukua siku nzima, na mtu akibandua ganda mapema huleta damu na kifo. Wala usiogope wakikaa bila kula siku ya kwanza, kwa kuwa kiini cha yai kimeingia tumboni mwao, nacho huwalisha kwa muda wa siku 2 hivi.

Malezi ya vifaranga. Hapa ndipo hasara kubwa huingia, kwa sababu watu wengi humwachia mama na wanawe uani siku ile ile. Mama hutembea mbali, umande huwalowesha wadogo, mwewe na kunguru huwaona. Sisi twamweka mama na wanawe ndani ya kizimba kilichoinuliwa usiku, na mchana chini ya tenga kubwa, penye kivuli na ardhi kavu, kwa muda wa wiki 3 au 4. Maji twayatia katika kisahani chenye vijiwe, ili mtoto asizame. Chakula ni chenga za mahindi au mchele, dagaa waliopondwa, majani mabichi yaliyokatwa vidogo, na mchwa, ambao ni nyama yao nzuri kupita zote. Tumejenga pia uzio mdogo wa fito, wenye nafasi za kupita kifaranga tu. Chakula chao huwekwa humo, kuku wakubwa wasiwanyang'anye.

Matandiko yakilowa, uyaondoe siku ile ile, maana unyevu huleta kuhara damu, ugonjwa unaoua vifaranga wengi wakati wa mvua. Na juu ya mdondo, ambao wengine huuita kideri, twasema wazi: dawa ya kuuponya hakuna, wala pilipili wala shubiri haiuponyi. Iko chanjo tu. Ile iitwayo I-2 hutiwa tone moja katika jicho, kisha hurudiwa kila miezi 3. Chupa moja yatosha kuku wengi, kwa hiyo ni heri majirani wachange fedha na kuwachanja wote siku moja. Muulizeni bwana mifugo wa kata yenu.

Msimu uliofuata tulimwatamisha kuku mwingine, wa madoadoa, kwa mayai 12. Siku ya 8 tuliondoa mawili yaliyo tupu. Katika 10 yaliyobaki walitoka vifaranga 9. Mmoja alichukuliwa na mwewe, siku tuliyoinua tenga mapema. Wanane walikua. Majogoo walikuwa watano, wakauzwa, na sare ikanunuliwa, ingawa ilikuja mwaka mmoja nyuma ya ahadi yetu. Mitetea mitatu tuliiacha, nayo ni mali ya binti yetu, kwa kuwa ndiye aliyeitunza.

Kwenu ninyi walimu tungeomba jambo moja. Wapeni watoto wa shule kazi ya kuandika: mayai mangapi yamewekwa, mangapi yametotolewa, vifaranga wangapi wako hai kila Jumamosi, na waliopotea wamepotea kwa sababu gani. Hesabu hiyo haina gharama, nayo huonyesha adui wa kila nyumba ni yupi. Maana nyumba moja hushindwa na mwewe, nyingine na unyevu, nyingine na uvivu wa jioni.

Sisi adui yetu twamjua. Tangu masika yale, kila jioni kabla ya kulala, mmoja wetu huchukua taa akazunguka banda, akatazama makopo kama yana maji. Na mtoto akisema ameona siafu, twaondoka saa ile ile, hata mvua ikinyesha.