KICC Iko Wima, Ni Kamera Ndio Imelala

Cheki picha zenye wasee hushuti za KICC, lile jengo refu la pale tao Nairobi. Nyingi, jengo limelala kinyumenyume, juu limekonda, chini limefura. Maze, hiyo huniuma. Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso waliichora ikae wima, ghorofa 28, mita 105 hivi, na tangu imalizwe 1973 haijawahi kupinda.

Ngori huanza hivi: umesimama chini, jengo halitoshei kwa fremu, so unainua kamera iangalie juu. Hapo sensa haiko sambamba na ukuta tena, na mistari yote ya wima inaanza kukimbilia kukutana huko juu.

Dawa ni lenzi ya tilti-shifti, na hapa nitabonga zaidi kuhusu shifti ju ndio wasee husahau. Lenzi ya kawaida hurusha duara la picha la kutosha sensa tu. Hii hurusha duara kubwa zaidi, halafu iko na skrubu ya kuisukuma juu, chini ama kando. Unaweka kamera kwa stendi, unahakikisha imekaa levo kabisa, unapima mwanga kwanza (ukishashifti, kamera zingine husoma vibaya), ndio sasa unasukuma lenzi polepole. Unaona jengo likishuka kwa fremu mpaka kichwa chake kinaingia, na kuta bado ziko wima. Canon TS-E 24mm ya pili, ya 2009, husonga milimita 12 kila upande. Inakaa kitu kidogo, lakini pale tao, penye huwezi kurudi nyuma ju ya magari, hizo milimita ndio picha yenyewe. Otofokasi hakuna. Unazungusha pete na mkono, na hiyo mwendo ya pole napenda mbaya.

Tilti nayo ni kuinamisha lenzi yenyewe. Theodor Scheimpflug, kapteni wa jeshi la Austria, aliandikisha hesabu zake 1904 akitafuta vile angenyoosha picha zilizopigwa kutoka angani ndio zichorwe ramani. Canon walitoa TS 35mm, yenye tilti na shifti pamoja, 1973, mwaka ule ule KICC ilimalizwa. Siku hizi wengi wanajua tilti ju ya ile efekti ya nganya kukaa toi ukizishuti kutoka juu. Inabamba, sikatai, na paa la KICC ni spoti fiti ya kuijaribu. Lakini tilti iko na kazi nzito kushinda hiyo: meza ya shanga Maasai Market, unainamisha lenzi mbele kidogo, fokasi inalala juu ya meza yote, kutoka shanga ya karibu hadi ya mwisho, bila kufunga apacha mpaka giza.

Bei ya hizi lenzi ni noma, so changeni kama mbogi mkodishe ya siku moja. Na kama uko na simu tu, shifti bado unaipata: weka lenzi pana, shika simu wima bila kuiinua, wacha lami ijae nusu ya chini ya picha, halafu ukate hiyo lami yote. Pikseli zitapungua, lakini kuta zitasimama.