Tagi ya Dola 29 Ndani ya Begi Linaloelekea Mashhad

AirTag ya Apple iliingia sokoni Aprili 2021 kwa dola 29 moja, au dola 99 kwa pakiti ya nne. SmartTag2 ya Samsung, iliyotoka Oktoba 2023, ilipangiwa dola 29 na senti 99. Moto Tag na Chipolo POP zimo humo humo, kwenye dola 29. Tile Mate iko chini kidogo. Mnunuzi anayetazama bei peke yake hana cha kuchagua. Lakini kwa zuwari anayetoka Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa kwenda Mashhad na Qom, miji ya ziara ya kidini nchini Iran, au mwanafunzi anayerudi chuoni Iran na mabegi mawili, tagi hizi zinatofautiana sana, na tofauti zenyewe hazikuandikwa kwenye boksi.

Tagi ya Bluetooth haina GPS, haina laini ya simu, wala haijui ilipo. Inachofanya ni kutoa mawimbi madogo ya redio kila baada ya muda mfupi. Simu ya mtu baki ikipita karibu inayadaka, inaongeza mahali ilipo simu yenyewe, inafunga taarifa hiyo (kwenye mitandao ya Apple na Google) kwa namna ambayo mwenye tagi pekee anaweza kuifungua, kisha inaituma kwenye seva za kampuni. Mwenye simu hajui kwamba amesaidia. Kwa hiyo unapotoa dola 29 unalipia simu za wapita njia, na maswali ya kuuliza ni matatu: ni simu za aina gani, ni nyingi kiasi gani mahali begi litakapopita, na je, intaneti yake inavuka mpaka?

Nchini Iran, maswali mawili ya kwanza yana historia ndefu. Apple haina duka rasmi huko kwa sababu ya vikwazo vya Marekani, na Iran haimo kwenye orodha ya nchi unazoweza kuchagua unapofungua akaunti ya Apple. Watu hutumia akaunti zilizosajiliwa nchi nyingine, na iPhone huingizwa na wafanyabiashara. Mwaka 2023 serikali yenyewe iliongeza pingamizi lake ikakataa kusajili iPhone 14 na matoleo yaliyofuata, na katazo hilo halikuondolewa mpaka mwishoni mwa 2024. Simu isiyosajiliwa huko hupewa muda mfupi tu kwenye mitandao ya nchi kabla laini haijafungwa. Pamoja na hayo yote, Wairani hawakuacha kuzitaka iPhone, na simu iliyofungiwa laini bado inashika Wi-Fi, maana yake bado inaweza kulisemea begi lako. Mjini Tehran na kwenye viwanja vya ndege, AirTag ina nafasi nzuri ya kupata msemaji. Kwenye barabara ya mkoani, simu nyingi zitakazopita ni za Android.

Je, hiyo si hoja ya kununua tagi ya mtandao wa Google? Kwa hesabu ya simu, ndiyo. Mtandao huo ulizinduliwa Aprili 2024 na sasa unaitwa Find Hub. Tatizo ni kwamba Google waliuwekea tahadhari ya faragha: simu nyingi zimepangwa kutoa taarifa pale tu ambapo zaidi ya simu moja imeiona tagi, yaani kwenye msongamano. Mapokezi ya mizigo uwanjani ni sawa. Begi lililosahaulika kwenye buti ya teksi nje ya mji litanyamaza. Jingine ni kwamba Iran iliifungia Google Play kuanzia Septemba 2022 hadi Desemba 2024, na Google nayo, kwa kufuata vikwazo, imezuia baadhi ya huduma zake kwa watu walioko Iran. Huduma iliyowahi kubanwa pande zote mbili siwezi kuitegemea kwa begi lenye dawa za mzazi.

SmartTag2 inataka wewe mwenyewe uwe na Samsung Galaxy, na inasaidiwa na Galaxy peke yake, tena zile ambazo wenyewe wameruhusu kipengele hicho. Simu za Samsung ni nyingi Iran, na betri ya tagi hii hukaa hadi siku 500 kwa matumizi ya kawaida, kwa hiyo mwenye Galaxy asihangaike kutafuta nyingine. Tile naiweka pembeni kabisa kwa safari hii. Mtandao wake hasa ni wa watu waliopakua programu ya Tile au ya Life360 inayoimiliki, na huduma zake bora zinadaiwa ada ya mwaka. Visa na Mastercard hazifanyi kazi Iran, kwa hiyo ada ikiisha ukiwa huko huenda ukapata tabu kuilipia.

Swali la tatu ndilo zito. Novemba 2019 Iran ilizima intaneti karibu nchi nzima kwa takriban wiki moja. Juni 2025, wakati wa vita na Israeli, ikazimwa tena kwa siku kadhaa. Ni muhimu kuelewa namna inavyozimwa. Nchi hiyo imejenga mtandao wake wa ndani, kwa hiyo hata njia za nje zikifungwa, benki na tovuti nyingi za Kiirani zinaweza kuendelea. Mtu ataona simu yake ina mtandao, analipa, anaita teksi, huku taarifa ya tagi ikigonga mwamba kwa sababu seva zake ziko ng'ambo. Urusi nako, tangu 2025, intaneti ya simu imekuwa ikizimwa mikoani kwa sababu ya droni, na huduma zilizoruhusiwa kubaki hewani ni za kwao wenyewe. Mwanafunzi wa Kiafrika aliyeko kule ayachukulie maelezo haya kuwa yanamhusu.

VPN haitibu jambo hili, na nasisitiza kwa sababu wauzaji wengi huisema kama dawa. VPN yako inakusaidia wewe kufungua ramani. Haiisaidii simu ya mpita njia kutuma taarifa. Isitoshe, tangu Februari 2024 Iran imepiga marufuku VPN zisizo na kibali.

Kuna na uvurugaji wa GPS. Simu iliyodaka tagi yako hutuma mahali inapodhani ipo. GPS ikivurugwa, kama ilivyotokea eneo la Ghuba Juni 2025, nukta kwenye ramani inaweza kuruka mbali sana na begi lilipo. Ukiona begi limefika mji ambao ndege yako haikupita, subiri taarifa ya pili na ya tatu kabla ya kumgombeza mtu wa kaunta.

Wapo wanaoniuliza kuhusu vifaa vya GPS vyenye laini yake, vile vya kufungwa kwenye pikipiki na magari. Kwa Tanzania na Kenya vinafaa. Kwa Iran sishauri: gharama ya kifaa, laini, bando la kila mwezi na usajili vinapita thamani ya begi, na kifaa kinachorekodi njia zako kwa satelaiti, kikiwa mkononi mwa mgeni katika nchi iliyo macho namna hiyo, kinaweza kukuletea mahojiano usiyoyahitaji. Hata tagi ya kawaida ina upande huu. Taarifa zake zimefungwa njiani, ndiyo, lakini simu yako ikichukuliwa na kufunguliwa, ramani inasomeka kama barua. Usimtilie ndugu anayeishi huko tagi kwenye mkoba ili ujue yuko salama. Ni yeye atakayeulizwa.

Basi ninunue ipi? Mwenye iPhone, hata ya mtumba, achukue AirTag au tagi ya kampuni nyingine inayotumia mtandao huo huo wa Apple. Zipo za chini ya dola 15. Utakosa mshale wa kukuelekeza hatua kwa hatua chumbani, lakini hilo halina kazi begi likiwa limebaki Doha. Nyingi zina tundu la kamba, wakati AirTag haina na itakudai kishikizo cha pembeni. Kama mko kundi, pakiti ya nne inashusha AirTag hadi chini ya dola 25 moja. Mwenye Galaxy achukue SmartTag2. Mwenye Android nyingine anunue ya mtandao wa Google akijua kwamba itamfaa viwanjani zaidi ya kwingineko.

Betri ya AirTag ni CR2032, ile bapa ya duara, na hukaa takriban mwaka. Usinunue iliyopakwa dawa chungu ya kuzuia watoto wasiimeze, kwani baadhi yake hazishiki ndani ya AirTag. Ndani ya begi linalopelekwa chini ya ndege hakuna shida: lithiamu yake ni kama gramu 0.1, na kikomo kwa vifaa hivi ni 0.3. Lufthansa ilileta mkanganyiko Oktoba 2022 ikisema haziruhusiwi, kisha ikarudi nyuma ndani ya siku chache.

Kabla ya kuondoka, fanya jambo moja lisilo na gharama. Tangu iOS 17, AirTag inaweza kushirikishwa na watu wengine hadi watano. Mshirikishe mtu anayebaki nyumbani mwenye iPhone na intaneti isiyozimwa. Mizigo mingi ya safari hii hupotelea Dubai, Doha au Istanbul, kwenye kubadilisha ndege, ambako simu ni tele na mtandao uko wazi. Wewe utakuwa umeshatua Mashhad, labda huna laini. Yeye ndiye atakayeona begi halijaondoka, na tangu Desemba 2024 wewe mwenye tagi unaweza kutengeneza kiungo cha mahali begi lilipo na kukipeleka kwa shirika la ndege. Kiungo hicho huisha chenyewe baada ya siku 7, kwa hiyo kitengenezwe siku ile ile begi linapokosekana, ukiwa bado kwenye Wi-Fi ya uwanja, na namba ya stakabadhi ya mzigo itumwe nyumbani pamoja nacho.