Kabla ya kufuta kompyuta, iulize ina majedwali gani

Wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa, mweka hazina wa kikundi chetu cha basari aliniita ofisini. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Yeye ni mwalimu mstaafu, na mtaa mzima twamwita Maalim. Kompyuta ya kikundi ilikuwa imeanza kujizimia ovyo, na tulikuwa tumepata nyengine ya msaada.

"Mwanangu," akaniambia, "nihamishie ile orodha ya watoto kwenye Excel, kisha hii tuifute tuwape vijana wajifunzie."

Mfumo wetu uliundwa na kijana wa hapa hapa mtaani, ambaye baadaye alipata kazi Doha akaenda zake. Hakuacha hata karatasi moja ya maelezo. Ukiufungua, unaona orodha ya watoto 64: jina, shule, kidato na karo iliyolipwa. Kwa Maalim, hayo ndiyo yalikuwa yote yaliyomo. Nami, pamoja na diploma yangu ya mambo haya, nusura nikubali. Kilichonizuia ni hesabu ya kichwani tu. Toka tuanze kikundi hiki tumesomesha watoto zaidi ya mia mbili. Wengine walikuwa wapi?

Vikundi vingi hapa pwani, vya mazishi, vya akiba, vya misikiti na vya shule, sasa vinaweka kumbukumbu zao hivi, na vingi vimejengewa na kijana aliyekwisha ondoka. Kwa hivyo acha nieleze nilichofanya.

Hifadhidata za aina hii zimetokana na fikra ya Edgar Codd, mtaalamu wa IBM aliyeandika mwaka 1970 kwamba data ipangwe kwa majedwali, yaani mistari na safu, na majedwali hayo yahusiane. Wanafunzi wana jedwali lao, wazazi lao, malipo lao. Mwaka 1985 Codd alitoa masharti ya mfumo unaostahili kuitwa wa aina hiyo. Sharti moja lasema kwamba hifadhidata lazima ijieleze yenyewe: habari za majedwali yake ziwekwe ndani kwa muundo ule ule wa majedwali, ili mtu aziulize kama anavyouliza data nyengine. Sharti hilo ndilo linalotuokoa sisi tuliorithi mfumo usio na maelezo. Aliyeujenga aweza kuwa Doha, lakini mfumo wenyewe waweza kujibu.

Wetu ni MySQL. Amri ya kwanza ambayo kila mtu anafundishwa ni hii:

SHOW TABLES;

Inaleta majina yote, na hapo ndipo pana mtego. Majina hayo yamechanganya vitu viwili, majedwali halisi na kile kiitwacho mwonekano, na amri hiyo haikwambii kipi ni kipi. Ukitaka kujua, ongeza neno moja:

SHOW FULL TABLES;

Sasa kando ya kila jina unapata safu ya pili. Ikiandikwa BASE TABLE, hilo ni jedwali lenye data. Ikiandikwa VIEW, huo ni mwonekano.

Tofauti yake nilimweleza Maalim kwa mfano wa duka. Mwenye duka ana daftari la madeni, kila mtu na deni lake. Amemwagiza kijana wake: kila asubuhi nisomee wanaodaiwa zaidi ya shilingi elfu moja. Anachosoma kijana ni orodha kweli, na kila siku inabadilika kufuata daftari. Lakini kijana hana daftari la pili. Daftari likiungua, hana cha kusoma. Mwonekano ndio agizo lile: ni swali lililohifadhiwa kwa jina, nalo kila likiitwa huenda kuchota majibu kwenye majedwali.

Ile orodha ya watoto 64 ilikuwa VIEW. Niliuliza agizo lake kwa amri ya SHOW CREATE VIEW ikifuatwa na jina la mwonekano, nikakuta masharti yake: onyesha watoto wa mwaka huu tu, ambao hawajamaliza. Waliomaliza, walioacha shule, na kila shilingi ya miaka iliyopita, vyote vilikuwa kwenye majedwali ambayo hatukuwahi kuyaona kwenye skrini. Tungenakili orodha ile na kuifuta kompyuta, tungebaki na mwaka mmoja. Siku mfadhili akiuliza pesa zake za zamani zilikwenda wapi, Maalim, aliyebeba amana ile miaka yote bila doa, asingekuwa na cha kumwonyesha.

Kama mfumo wenu si MySQL, swali ni lile lile, amri tu ndiyo tofauti. Kwenye PostgreSQL, ukiwa ndani ya psql, \dt huleta majedwali na \dv huleta mionekano. Kwenye SQLite, unaotumika sana na programu za simu, uliza:

SELECT name, type FROM sqlite_master;

Ipo pia njia inayofanya kazi kwa MySQL, PostgreSQL na SQL Server:

SELECT table_schema, table_name, table_type FROM information_schema.tables;

Kwenye MySQL na PostgreSQL, hii ya mwisho huleta pia majedwali ya mfumo wenyewe, usishtuke ukiona majina mengi usiyoyajua. Jambo la kushtusha zaidi ni orodha kuwa fupi mno. Hifadhidata hukuonyesha kile tu ambacho jina lako la kuingilia limeruhusiwa kukiona. Mara ya kwanza niliingia kwa jina la karani nikapata vitu vinne. Nilipoingia kwa jina la msimamizi, vilikuwa kumi na moja. Na ukitaka kujua jedwali lina mistari mingapi, hesabu kwa SELECT COUNT(*). Ile idadi ya mistari inayokaa ndani ya information_schema ya MySQL mara nyingi ni makisio.

Katika yale kumi na moja tulikuta jedwali moja lenye nambari za vitambulisho vya wazazi na maelezo ya maradhi ya watoto, yaliyojazwa kwenye fomu za mwanzo kabisa. Maalim alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Haya nani aliyaomba?" Hakuna aliyekumbuka. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 hapa Kenya inataka mtu asishike habari za watu zaidi ya zile anazozihitaji, wala asikae nazo kupita haja yake, na habari za afya inazipa uzito wa pekee. Na kompyuta ile tulikuwa tunataka kuwagawia vijana! Kufuta kwa kawaida hakuondoi kila kitu kwenye diski.

Tulihamisha hifadhidata nzima, majedwali na mionekano, tukahesabu mistari huku na kule hadi ikalingana. Jedwali la maradhi limewekwa kando likisubiri kikao cha kamati. Diski ya kompyuta ya zamani imetolewa, iko kabatini kwa Maalim.

Orodha ya majina yote kumi na moja sasa imeandikwa kwa mkono kwenye daftari la ofisi, na kando ya kila jina kazi yake. Limebaki moja tu bila maelezo, liitwalo tmp2. Nilimpigia yule kijana Doha kumuuliza. Akacheka. "Ami," akasema, "hilo hata mimi silikumbuki. Lakini usilifute kwanza."