Chafya ya Karani na Koti la Inspekta

Karani wa serikali ameketi safu ya pili katika ukumbi wa maonyesho, darubini ndogo machoni, anatazama opereta na kujiona mwenye heri kuliko watu wote. Ghafla anapiga chafya. Anajifuta, anaangaza kulia na kushoto kwa adabu asije akawa amemkera mtu, na hapo anamwona mzee wa safu ya mbele akijipangusa upara na shingo kwa glavu. Mzee mwenyewe ni jenerali. Karani anamwomba radhi, jenerali anamwambia si kitu. Wakati wa mapumziko anamfuata akaombe tena. Kesho yake ananyoa nywele, anavaa sare mpya, anakwenda ofisini kwa mkubwa huyo kuomba upya, na siku ya pili yake anarudi. Mwishowe jenerali anashikwa na hasira, anatetemeka, anamfukuza kwa kelele. Karani anarejea nyumbani, anajilaza kwenye kochi na sare yake mwilini, anakufa.

Hadithi hiyo, Kifo cha Karani, ilitoka mwaka 1883 katika Oskolki, jarida la vichekesho la St. Petersburg. Mwandishi wake alikuwa mwanafunzi wa udaktari huko Moscow, umri miaka 23, akitumia jina la Antosha Chekhonte. Leo tunamjua kwa jina lake halisi, Anton Chekhov, na wengi wakimtaja hukumbuka tamthilia zake za huzuni. Vichekesho vya ujana wake vimewekwa kando kana kwamba vilikuwa vya kupashia mkono moto. Sikubaliani na hukumu hiyo. Katika kurasa zile fupi kijana huyu aligundua jambo kuhusu woga ambalo wakubwa waliomtangulia hawakuwa wameliona vizuri.

Ili kulielewa, lazima tuijue ngazi ya vyeo ya Urusi. Mwaka 1722 Mfalme Petro Mkuu aliwapanga watumishi wa dola, wa jeshi na wa kiraia, katika daraja 14. Kila kundi la daraja lilikuwa na namna yake ya kuitwa kwa heshima, na aliyekosea kumwita mkubwa alikuwa amekosa adabu kweli kweli. Ndiyo maana hata mtu aliyeshinda mezani na makaratasi, asiyewahi kushika bunduki, aliweza kuitwa jenerali. Jenerali wa chafya ni wa namna hiyo, mtu wa wizara ya uchukuzi.

Sasa tazama Chekhov alivyofanya. Karani hafanyi kazi katika wizara hiyo. Yule si mkubwa wake, hawezi kumfukuza kazi wala kumpunguzia mshahara. Karani mwenyewe analijua hilo na analisema moyoni tangu mwanzo. Mkewe naye anashtuka kwanza, kisha anatulia akisikia kwamba jenerali ni wa idara nyingine, lakini bado anamshauri mumewe aende akaombe msamaha. Nikolai Gogol alikwisha kuandika mwaka 1842, katika Koti, habari za karani mnyonge aliyekaripiwa na mkubwa, akaugua, akafa, na wasomaji wakamlilia. Chekhov aliyachukua mambo yale yale, mkubwa, mnyonge na kifo, akaondoa kitu kimoja tu: ukatili. Mkubwa huyu alisamehe papo hapo. Kinachomuua karani amekuja nacho mwenyewe ukumbini, na hapo ndipo kicheko kinapokwama kooni.

Mbinu hiyo ilifinyangwa na shida. Baba yake Chekhov alikuwa na duka mjini Taganrog, likafilisika mwaka 1876, naye akawakimbia wadai hadi Moscow. Anton alimfuata mwaka 1879, akaingia chuo cha udaktari, na muda si mrefu kalamu yake ikawa inalisha wazazi na wadogo zake. Jarida la Strekoza lilianza kumchapisha mwaka 1880 kwa kopeki 5 kila mstari. Oskolki, kuanzia 1882, lilimlipa kopeki 8, lakini mhariri wake, Nikolai Leikin, alitaka hadithi zisizozidi mistari 100 hivi. Mwenye mistari 100 hana nafasi ya kusimulia ukoo wa mtu wala kumchambulia msomaji maadili. Jina la mhusika sharti lifanye kazi: karani wetu anaitwa Chervyakov, jina litokanalo na neno la Kirusi la mnyoo. Na vitu navyo sharti vifanye kazi.

Hakuna kitu kinachofanya kazi kuliko koti la Inspekta Ochumelov katika Kinyonga, hadithi ya mwaka 1884. Inspekta anakatiza uwanja wa soko, koti jipya mwilini, nyuma yake askari amebeba chekeche lililojaa matunda waliyomnyang'anya mtu. Sonara mmoja analia kwamba mbwa amemng'ata kidole. Inspekta anaapa kwamba mbwa atauawa na mwenyewe atatozwa faini. Sauti kutoka kwenye umati inasema mbwa huyo ni wa jenerali. Inspekta anaona joto, anaamuru avuliwe koti, kisha anamgeukia sonara: mbwa mdogo namna hii angekifikiaje kidole chako? Mwingine anasema hapana, si wa jenerali, na mbwa anakuwa mshenzi tena. Sauti nyingine inasema ni wa jenerali bila shaka; upepo unavuma, anavishwa koti, mbwa anakuwa wa thamani. Hukumu inageuka hivyo kila sauti inaposikika, mpaka anatokea mpishi wa jenerali na kueleza kwamba mbwa ni wa nduguye jenerali, aliyefika kutembea. Inspekta anachanua kwa furaha na mbwa anasifiwa kwa kumng'ata sonara. Hakuna mstari unaomwita inspekta mnafiki. Koti limekwisha kusema yote, likivuliwa na kuvaliwa, kwa sababu mwili wa mtu huyu unaona joto na baridi kwa kufuata cheo cha mwenye mbwa.

Dola nayo haikuwa imelala. Baada ya Mfalme Aleksanda wa Pili kuuawa mwaka 1881, kamba zilikazwa. Kanuni mpya za kubana magazeti zilitolewa mwaka 1882, na mwaka 1884 lilifungwa jarida kubwa lililoongozwa na Saltykov-Shchedrin, fundi wa kejeli kuliko wote wa zama zake. Majarida ya vichekesho yalipona kwa kuonekana madogo na ya kipuuzi, ingawa hayakupona kila mara. Mwaka 1885 wakaguzi wa serikali walikataa hadithi ya Chekhov kuhusu Prishibeyev, askari mstaafu anayezunguka kijijini akiwakataza watu kuimba na kuandika majina ya wanaokaa na taa usiku. Mahakama inamhukumu kifungo cha mwezi mmoja. Anatoka nje, anaona watu wamekusanyika, na mara anawaamuru watawanyike. Ilibidi hadithi ipelekwe kwenye gazeti jingine, nako ikatoka kwa jina tofauti.

Mwaka 1886 mwandishi mkongwe Dmitri Grigorovich alimwandikia Chekhov akimsihi akiheshimu kipaji chake. Chekhov alijibu akikiri kwamba hakumbuki hadithi hata moja aliyoifanyia kazi zaidi ya siku moja. Mwaka huo huo alikusanya vichekesho vyake kitabuni, akairudia hadithi ya 1883 iitwayo Mnene na Mwembamba. Rafiki wawili wa utotoni wanakutana kwenye kituo cha reli. Mnene ametoka kula, midomo inang'aa siagi. Mwembamba amesheheni mizigo, ananuka nyama ya nguruwe na machicha ya kahawa. Wanakumbatiana, machozi yanawalengalenga, mpaka mnene anapotaja kwamba amefikia daraja ya tatu. Mwembamba wa daraja ya nane anapauka na kukauka, hata mabegi yake yanaonekana kunywea, na mwanawe anafunga vifungo vyote vya sare ya shule. Katika toleo la 1883 kulikuwa na sababu: mnene ndiye aliyekuwa bosi mpya wa mwembamba. Mwaka 1886 Chekhov aliifuta sababu hiyo. Sasa hawa ni watu wawili tu waliosoma shule moja, mmoja bado anataka kuitwa rafiki, na mwenzake anamwinamia, anachekacheka, na katika mkono alionyooshewa anashika vidole vitatu tu.